Jina Ambalo Sikulitaja Mezani

Mume wangu alikufa Jumanne. Tukamlisha, tukamwimbia, tukamwambia aende, tukageuza kitanda chake, na Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa kumi na moja alfajiri, akaingia kazini kama kawaida yake.

Nilimjua kwa mlango. Mlango wa nyuma wa duka letu la mikate, hapa Albany Avenue mjini Hartford, una ukorofi wake: lazima uusukume kwa bega la kushoto huku umeinua kitasa kidogo, na usiwe na haraka. Wezi wameshindwa nao mara mbili. Mimi mwenyewe hunishinda wakati wa baridi. Kwa miaka arobaini na sita ni mtu mmoja tu aliyeufungua bila kelele, isipokuwa mlio mmoja mdogo, kama wa mtu anayesafisha koo kabla ya kusema neno. Nilikuwa ghorofani, juu ya duka, nimeketi kitandani natazama theluji. Nikausikia ule mlio. Kisha harufu ya kungumanga ikapanda ngazi, polepole, kama mtu mwenye magoti mabovu.

Mjane mwingine angepiga mayowe. Mimi nilichana nywele.

Mtasema kibibi huyu amechanganyikiwa kwa huzuni. Huzuni ninayo, lakini akili yangu iko palepale ilipokuwa siku nilipotoka shule darasa la sita, haijaongezeka wala haijapungua. Nilijua kwa nini amerudi. Nilijua kwa sababu ni mimi niliyemzuia asiende.

Hartford nzima ilimjua kama Bwana Egbert Plummer. Alikuja kijana kutoka Jamaika kufanya kazi kwenye mashamba ya tumbaku ya bondeni, yale yanayofunikwa vitambaa vyeupe mpaka unadhani kuna mtu ameanika mashuka ya dunia nzima. Akaonja mkate wa huku, akasema huu laini kama sifongo ni wa kuogea. Akaanza kuoka mkate wetu mgumu jikoni kambini, akawauzia wenzake. Baadaye akauza kwenye buti la gari nje ya kanisa, na mchungaji akanung'unika mpaka siku alipoonja. Kisha likaja duka, na bango, na bula zake, vile vitumbua bapa vya sukari guru na kungumanga ambavyo watu walivifuata kutoka miji mitatu. Mkate uliopasuka ubavu hakuuza. Aliutia kwenye mfuko, akauning'iniza nje ya mlango wa nyuma, na alitukataza tusichungulie ni nani anayeuchukua.

Nyumbani alikuwa vilevile. Watoto watatu. Nilipokuwa nafanya kazi za zamu, yeye ndiye aliyemsuka nywele Marva, binti yetu wa mwisho, na mtoto akaenda shule na kichwa kama donge lililotolewa ovenini kabla ya wakati. Marva hakulalamika. Alikuja kuwa mtu wa ofisi, suti na viatu vya kisigino, na baba yake alipoanza kushika ukuta akitembea, akaacha ofisi akaja kuvaa aproni. Hakuna aliyemwomba. Wale wawili wengine wako mbali, hupiga simu.

Usiku wa tisa tangu kifo, ule ambao kwa desturi yetu marehemu huagwa, tuliuandaa vizuri, hakuna wa kunicheka. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Domino zilipigwa mezani, supu ya mbuzi dume ikanywewa kwenye vikombe vya karatasi. Na pembeni ikakaa meza yake mwenyewe marehemu, kitambaa cheupe, samaki wa kukaanga, mkate wa muhogo, glasi ya ramu nyeupe, na hakuna mkono wa mtu aliye hai unaoruhusiwa kuigusa. Mwisho husimama mtu mzima, akaitazama meza, akamwita marehemu kwa jina lake lote na kumwambia aende. Jina ndilo lenye kazi. Hayo mengine ni chakula tu.

Aliyesimama ni Mzee Hylton, aliyelala naye kitanda kwa kitanda kambini tangu msimu ule wa kwanza.

"Egbert Plummer," akasema, "umekula, umekunywa, tumekusindikiza. Samaki nimemkaanga mimi, kwa hiyo najua hata wewe unataka kuondoka. Nenda zako kwa amani. Usirudi."

Watu wakacheka, wakalia, wakaitikia wote pamoja: nenda, Egbert. Mimi nilichezesha midomo. Wakapanda ghorofani wakageuza kitanda, kichwani kukawa miguuni, ili akirudi asikitambue chumba.

Na kuna mtu aliondoka kweli. Nilimsikia akinipita pale mlangoni, baridi kama kisima. Harufu yake haikuwa ya kungumanga. Ilikuwa ya homa, na ya majani ya mchaichai yaliyochemshwa, harufu niliyoinusa mara ya mwisho nikiwa msichana. Nikashukuru moyoni. Huyo alikuwa Egbert. Alikuwa amengoja zaidi ya miaka hamsini.

Kwa sababu mume wangu hakuitwa Egbert.

Kijijini kwetu, huko Clarendon, walikuwa ndugu wawili, Egbert mkubwa na Wilton mdogo, wamefanana kama mikate ya bati moja. Egbert akapata karatasi ya kwenda Amerika kukata tumbaku. Alipimwa, akapigwa picha, akashonewa suruali. Wiki ya safari akashikwa na homa, hawezi hata kukaa. Karatasi ile haikuwa yake peke yake; nyumba nzima ilikuwa imeegemea pale. Mama yao akaitazama sura ya Egbert, akaitazama sura ya Wilton, akamvisha Wilton ile suruali.

Baada ya wiki tano Egbert akafa.

Sasa mtu aliyeko Amerika anakata tumbaku, angekuwaje tena kaburini Clarendon? Wangemrudisha Wilton, na pengine wangemfunga. Kwa hiyo mama yao aliandikisha kifo kwa jina la Wilton. Kijiji kizima kilijua na kijiji kizima kilifumba mdomo, maana kila nyumba ilikuwa na kijana anayengoja karatasi. Usiku wa tisa ulipofika, bwana mgawa karatasi alikuja mwenyewe kutoa pole, akaketi mbele kabisa na bakuli la supu mapajani. Mama hakuwa na njia. Alisimama mbele ya ile meza, akamuaga mwanawe aliyekufa kwa jina la mwanawe aliye hai.

Alisema, "Wilton, nenda. Usirudi katika nyumba hii."

Sote tukaitikia. Mimi pia. Nilikuwa na miaka ishirini, Wilton alikuwa ameniahidi kunitumia nauli nije mwaka unaofuata, na nilisimama pale nikamfukuza kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa sababu yule bwana wa karatasi alikuwa ananitazama.

Nilipofika Hartford nilimwambia. Aliniuliza tu ilikuwa saa ngapi, nikamwambia, akasema saa hiyo alianguka katikati ya vitanda kambini akitetemeka, Hylton akambeba. Tukakubaliana siku ileile: jina la Wilton halitatamkwa tena, hata kitandani, kuta za nyumba za kupanga zina masikio na watoto wakija wana midomo. Yeye naye akaacha kuniita Toti, jina langu la kijijini, kwa sababu alisema akiita Toti mdomo wake unangoja kuitikiwa Wilton. Nikawa Bibi Plummer, yeye akawa Bwana Plummer. Tulizeeka hivyo, kama majirani wenye adabu wanaozaa pamoja.

Na hakurudi kwao maisha yake yote. Si kwamba hakutaka. Mara ya kwanza alikata tiketi, theluji ikafunga uwanja wa ndege siku tatu. Mara ya pili akapasuliwa tumbo usiku wa kuamkia safari. Mara ya tatu, mama yake alipokuwa anakufa, alifika mpaka mlango wa ndege, na miguu ikagoma. Alisimama pale na koti lake zuri, watu wakimpita, mpaka msichana wa ndege akamletea kiti cha magurudumu. Nilimrudisha nyumbani. Ndani ya gari akasema, huku anatabasamu, kwamba kuna watu walishamfukuza na mmoja wao ndiye anayeendesha.

Kwa hiyo usiku ule, Hylton alipomwita Egbert, ningeweza kunyoosha mkono. Ningeweza kusema, ngoja, siye. Sikusahau, na wala sikuogopa serikali, nani angemfukuza maiti. Nilinyamaza makusudi. Nilijiambia, aliyeitwa ataenda, asiyeitwa atabaki na mimi.

Akabaki. Mwezi wa kwanza ulikuwa mtamu, lazima niseme. Nilishuka kila alfajiri na kikombe changu, nikakaa kando ya kigoda chake karibu na oveni, kigoda ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia. Nilikuta unga juu yake ambao sikuumwaga mimi. Nilimpa habari za mtaa: nani ameachika, nani amenunua gari asiloliweza, Hylton anavyomkonyeza mwimbaji wa kwaya mwenye meno ya bandia. Kigoda kililia kidogo, kama anageuka kusikiliza. Hakuniita hata mara moja, lakini sikutegemea. Hakuwa ameniita kwa jina langu tangu mwaka sabini na moja.

Aliyeitwa ni mwingine.

Ijumaa moja Marva alikuwa anatoa mikate, nikaona mikono yake ina malengelenge. Mtu wa oveni haungui namna ile, labda awe anafikiria mambo mengine. Nikamtazama vizuri na nikaona nilichokuwa nakataa kukiona: aproni ilikuwa inamzunguka mara mbili.

Nikamuuliza kama anakula. Akasema anakula. Nikamwambia basi chakula kinakukula wewe. Hakucheka, na Marva hucheka hata kanisani.

"Mama," akasema, "nikikwambia usinifanyie maombi."

"Nani ana nguvu ya maombi? Sema."

"Papa ananiita. Asubuhi, nikiwa peke yangu. Kutoka kule kwenye chumba cha baridi. 'Marva, lete trei.' Mara moja tu, halafu kimya."

Nikakaa. Kila mtoto wetu, hata aliyezaliwa kwenye theluji hii, amelelewa na sheria moja: ukiitwa na usimwone anayekuita, usiitikie mara ya kwanza. Walio hai huita tena. Waliokufa huita mara moja tu, na ukiitikia umekubali safari.

"Umeitikia?"

"Sijaitikia." Akafuta mikono kwenye aproni, akaitazama. "Jana nilifungua mdomo. Mama, nilikuwa nimechoka, na ni sauti yake. Kisha nikajikuta niko ndani ya chumba cha baridi, mlango umefungwa nyuma yangu, nina trei mkononi. Sijui niliingiaje. Vidole vilikuwa vyeupe. Kama mletaji wa maziwa hangekuja kuchukua sahihi, sijui."

Hakuwa na nia mbaya, masikini. Alikuwa anataka trei. Hakujua kwamba amekufa. Aliyeambiwa kwamba amekufa ni Egbert. Yeye alikuwa kazini, anamwita binti yake amsaidie, kama miaka yote, na binti yake, ambaye hajawahi kumkatalia kitu, angemwitikia kesho au kesho kutwa. Nami nimekaa hapo na kikombe changu, namsimulia habari za meno ya bandia.

Nikamwambia Marva asiingie jikoni peke yake Jumamosi. Nilikaa naye mimi, nikipiga sufuria kwa mwiko kila dakika mbili mpaka wateja wakauliza kama kuna harusi.

Jumapili duka halifunguliwi. Tulipotoka kanisani, mchana mweupe, theluji inaanguka bila upepo, nilitandika kitambaa juu ya meza ya kukandia. Nikakaanga samaki mwenyewe. Nikaweka mkate mgumu, bula mbili, na ramu. Marva akaniuliza tunamngoja nani.

Nikamwambia yote. Sikupamba. Karatasi, homa, kaburi, yule bwana na bakuli lake la supu, na usiku wa tisa ambao nilinyamaza. Alisikiliza akiwa amesimama, koti la kanisa bado liko mwilini. Nje gari la kusafisha theluji likapita, likarudi, likapita.

"Kwa hiyo mimi ni mtoto wa nani?" akauliza.

"Wa yuleyule aliyekusuka nywele vibaya."

Akakaa kwenye gunia la unga. Akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja bila kunitazama, mpaka nikaanza kuogopa kwamba nimempoteza kwa njia nyingine.

"Ulimwacha aniite," akasema. "Ulijua yuko hapa, ukanyamaza, ili upate mtu wa kupiga naye soga."

Sikuwa na mzaha wa kujibu. Nilitafuta, haukuwepo. Nikasema ndiyo.

"Basi mwambie aende, Mama. Kwa jina lake. Mwambie sasa hivi."

Nikasimama mbele ya meza kama alivyosimama Hylton, kama alivyosimama mama yake. Nikafungua mdomo niseme Wilton, nenda. Na hapo ndipo maneno yakanikwama, maana niliona kosa letu lilivyokuwa. Huyu mtu alishaambiwa aende. Aliambiwa na mama yake, akiwa hai, akiwa na miaka ishirini na moja, na alilitii neno lile maisha yake yote. Alikwenda mpaka akakosa njia ya kurudi. Nikimfukuza tena angekwenda wapi? Kwao alikatazwa. Hapa si kwao. Angeishia kwenye chumba cha baridi, anaomba trei.

"Mama, mbona kimya?"

Nikamwambia afungue mlango wa nyuma. Akasema mlango ule haufunguki, kila mara huzunguka kwa mbele. Nikamwambia atumie bega la kushoto, ainue kitasa, asiwe na haraka. Alikwenda akauegemea. Ukafunguka kwa mlio ule mmoja mdogo, na Marva akageuka kunitazama, macho yamemtoka, kwa sababu alikuwa ameusikia mlio huo kila alfajiri na sasa umetoka begani mwake mwenyewe.

Jioni huko kwetu, mama yao alikuwa na desturi ya kusimama kwenye geti la ua na kuwaita wanawe watoke mtoni. Kijiji kizima kiliijua sauti ile. Ilivuka migomba, ikavuka barabara. Niliiazima. Kifua changu ni kibovu lakini ilitoka.

"Wilton ee. Wiltoni. Njoo nyumbani, chakula kinapoa. Egbert ameshatangulia. Njoo, mwanangu, hakuna aliyekukasirikia."

Kigoda kikalia. Si kama mtu anayegeuka. Kama mtu anayeinuka na magoti yake. Unga uliokuwa juu ya meza ukasogea kidogo ukingoni, pale ambapo alizoea kuegemeza mkono. Harufu ya kungumanga ikaja karibu yangu mpaka nikahisi ulimi unaionja, ikasimama. Nilitaka kusema mengi. Nilisema tu samahani, kwa midomo, bila sauti, kama nilivyosema uongo ule mwingine.

Ikanipita. Marva alijibana ukutani kuipisha. Pale uani theluji ilikuwa haijakanyagwa na mtu, na haikukanyagwa. Lakini mfuko wa mikate iliyopasuka, ambao Marva bado anauning'iniza kila siku bila kuambiwa, uliyumba mara moja kwenye msumari wake, kama mtu aliyepita ameujaribu uzito.

Nilifikiri yameisha. Nilinyoosha mkono nifunge mlango, baridi ilikuwa inaingia.

"Toti."

Ilitoka mbali, kule mwisho wa ua, kwenye weupe. Haikuwa sauti ya mzee wa Hartford mwenye duka. Ilikuwa ya kijana, imejaa kicheko, sauti ya mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya mto kwa sababu maji ni mazuri.

Miaka hamsini na zaidi nilikuwa nimeingojea. Neno la kuitikia lilikuwa tayari liko kwenye meno. Marva akanishika mkono kwa ile mikono yake yenye malengelenge, akaubana mpaka ukauma, akanong'ona, "Mama, usiitikie. Nakuomba, usiitikie."

Nikauma mdomo. Ulitoka damu, na bado una alama, ukitaka nitakuonyesha.

Tulisimama pale mlangoni, mimi na mwanangu, mpaka samaki akapoa na theluji ikatufika kwenye viatu. Nilikuwa nangoja aniite mara ya pili.